Wadudu wa Kulisha Sisimizi Wakati wa Majira ya Baridi

Majira ya baridi humletea mfugaji wa sisimizi tatizo ambalo katika miezi ya joto halimsumbui kabisa: wadudu wa kuwalisha wanatoweka. Nzi aliyekuwa akinaswa dirishani bila jasho hayupo tena, panzi hawaonekani, ilhali kundi lililozoea kupata nyama kila baada ya siku tatu bado linaidai. Nimefuga sisimizi kwa misimu sita ya baridi sasa, na karibu yote ninayoyaandika hapa nilifundishwa na makosa ya misimu miwili ya mwanzo.

Kabla ya kuweka akiba yoyote, mfugaji hana budi kujua kama sisimizi wake ni wa kulala au si wa kulala. Lasius niger, sisimizi weusi wanaopatikana kwa wingi Ulaya, huingia katika usingizi wa miezi kadhaa. Wakiwekwa katika nyuzijoto 5 hadi 8 za selsiasi, malkia huacha kutaga, mabuu husimama kukua, na wafanyakazi hujikusanya fundo moja bila haja ya kugusa nyama. Hao wanahitaji maji yasiyokatika, basi. Mwaka wangu wa kwanza niliwapelekea vipande vya nyenje kila juma kwa kudhani kwamba ninawahurumia, na nilichovuna ni ukungu ulioanzia kwenye vipande hivyo na kutambaa hadi mlangoni mwa kiota. Camponotus nicobarensis, ambao asili yao ni Asia ya Kusini-Mashariki, hawana usingizi wa namna hiyo. Wakipewa joto la kutosha hulea mabuu mwaka mzima, na mabuu ndio wenye njaa ya protini, kwa kuwa sisimizi aliyekwisha kukomaa huendeshwa zaidi na sukari. Kwa sababu hiyo mimi hukadiria akiba kwa kuangalia wingi wa mabuu, wala sihesabu wafanyakazi wanaozurura nje ya kiota.

Kwa kundi lisilolala, tegemeo langu kubwa ni friza. Hununua nyenje na funza wa unga mwishoni mwa majira ya joto, kabla baridi haijawa kali, kwa sababu niliwahi kuagiza nyenje katikati ya kipindi cha barafu na kisanduku kikafika kimejaa mizoga iliyokwisha kuanza kunuka, ambayo haikufaa kwa lolote ila kutupwa. Wakifika hai huwalisha vizuri kwa siku mbili au tatu, maana kilichomo tumboni mwa mdudu ndicho kitakachoingia tumboni mwa sisimizi, kisha huwatia kwenye jokofu la kawaida kwa muda mfupi mpaka wapooze, ndipo huwahamishia kwenye friza yenye nyuzijoto 18 chini ya sifuri. Kosa linalowapata wengi, nami likiwa limenipata, ni kuwagandisha wote katika kopo moja: wanashikamana kuwa bonge, na kila ukitaka mmoja unalazimika kuyeyusha kumi. Siku hizi huwatandaza kwanza juu ya sahani mpaka wagande mmoja mmoja, halafu nawagawa katika vifuko vidogo vya mlo wa juma moja, navikamua hewa na kuviandika tarehe. Nakushauri uandike pia kilichomo ndani, hasa kama friza hiyo inatumiwa na watu wengine wa nyumbani ambao hawakutarajia kukutana na miguu ya nyenje wakitafuta mboga. Aliyeyeyushwa hagandishwi tena.

Namna ya kumtoa mdudu ina uzito sawa na namna ya kumhifadhi. Humzamisha katika maji ya moto sana kwa sekunde chache, jambo linalomyeyusha na kupunguza hatari ya utitiri, kisha humkausha kwa karatasi na kumkata. Usipuuze hatua ya kukata. Jioni moja nilimweka nyenje mzima kwenye uwanja wa kulishia wa kundi la wafanyakazi wasiozidi ishirini. Wakamzunguka, wakampapasa kwa vipapasio vyao, mmoja akang'ang'ania mguu kwa dakika kadhaa kisha akauacha, na baada ya saa nzima nyenje alikuwa bado mzima vilevile. Nikampasua tumbo kwa wembe. Ute ulipojitokeza, mfanyakazi wa kwanza aliinamisha kichwa akanywa bila kutikisika, tumbo lake likajaa mpaka mistari myeupe ikaonekana kati ya pingili, akakimbilia kiotani, na muda si mrefu walikuwa wamerudi saba. Mabaki huyaondoa kabla ya siku kwisha.

Wadudu hai wanafaa kama akiba ya pili. Funza wa unga ndio wasio na usumbufu: hukaa katika pumba za ngano ndani ya jokofu lenye nyuzijoto 8 hadi 10 kwa majuma mengi, mradi watolewe mara moja kwa juma wapate joto na kipande cha karoti cha kuwapa maji. Nyenje hawavumilii jokofu. Ukiwasahau humo wanakufa. Nzi wa matunda wasioruka huzaliana haraka na huwafaa sana malkia wachanga wenye wafanyakazi watano au sita, lakini chupa zao zinataka kuanzishwa upya mara kwa mara, na ukichelewa unabaki na uji wenye harufu. Mende wa kufugwa sijawahi kuwapenda, ingawa najua wafugaji wanaowasifu.

Jambo ambalo silegezi msimamo ni wadudu wa kuokota. Nzi au buibui anayejikokota ndani ya nyumba katikati ya baridi anaonekana kama zawadi, kumbe mara nyingi unyonge wake unatokana na ugonjwa au dawa ya kuua wadudu, na sumu hiyo hugawanywa kundi zima kwa mdomo, kuanzia kwa mfanyakazi hadi kwa malkia. Friza haiondoi sumu. Iwapo akiba imekwisha kabisa, ni afadhali kuwapa maji ya sukari pekee kwa majuma machache: mabuu watakua polepole, na baadhi huenda wakaliwa na dada zao, lakini kundi litabaki.

Waliolala nao, wakirudishwa kwenye joto taratibu, huanza kwa kunywa maji na sukari. Kipande kidogo cha funza huwapa siku chache baadaye, nikiona mabuu wameanza kunenepa.