Kaboni ya almasi na doa jeusi la simu

SWALI: Natengeneza simu mjini Jinja. Kioo cha OLED (kile ambacho vitone vyake huwaka vyenyewe) kikipata ufa, doa jeusi huanzia pembeni na kuendelea kutambaa. Mteja wangu, mwanafunzi wa chuo, anadai dawa ni elektrodi (tabaka za kupitishia umeme) za kaboni mfano wa almasi. Ni kweli?

JIBU: Fundi, doa hilo ni unyevu na oksijeni vilivyopenya kwenye ufa vikaharibu kathodi, yaani elektrodi hasi, na tabaka za ndani. Kijana wako amechanganya mambo, ingawa hakuyabuni: elektrodi hizo zinatafitiwa kweli, ila si dawa ya doa.

Elektrodi ya upande wa mwanga lazima ipitishe umeme na mwanga pia. Inayojulikana zaidi ni oksidi ya indiamu na bati, ambayo ikikunjwa hupasuka. Katika kaboni mfano wa almasi, atomi nyingine zimeungana kama za almasi, nyingine kama za grafaiti, kaboni laini ya penseli. Ikizidi almasi, utando ni mgumu na angavu lakini umeme unagoma. Ikizidi grafaiti, umeme unapita, mwanga unamezwa. Ndipo watafiti huchanganya naitrojeni, au hupaka utando wa nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) chache tu juu ya oksidi ileile.

Mimi naona kaboni hii inafaa zaidi kuziba hewa: tayari hupakwa ndani ya chupa za plastiki kuzuia oksijeni. Lakini hiyo ni kazi ya kiwandani, ndani ya ombwe, yaani chombo kilichoondolewa hewa. Wewe badilisha kioo kizima, na umwambie mteja bei kabla hujafungua simu.