Hadithi ya mtoto unaitoa wapi?

Mwezi huu nimepokea barua nyingi ila tatu zimegusa jambo moja, kuwaandikia watoto hadithi, kwa hiyo nazijibu pamoja.

Shikamoo shangazi. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili huku Kilosa, mwaka wa nane sasa. Vitabu vya hadithi shuleni kwetu ni vichache na vimechakaa, kurasa zimetoka, ndo nikasema basi ngoja niandike vyangu mwenyewe. Shida nikikaa na daftari hakuna kinachokuja. Nikijilazimisha inatoka ileile, sungura na fisi, au mtoto asiyesikia la mkuu alafu anavunjika mguu. Nikiwasomea wanasikiliza kwa adabu tu, macho yako dirishani. Wenzangu mawazo wanayapata wapi? *Mwalimu, Kilosa*

Marahaba mwanangu. Hayo macho ya dirishani ndo yamenigusa, maana wengine wakiyaona wanagonga meza na kuendelea kusoma, wewe umeyaona ukajiuliza tatizo liko wapi, na mwandishi wa watoto anaanzia hapo hapo.

Nikuulize kwanza, ulipokaa na lile daftari ulikuwa unamwandikia nani? Nahisi utasema watoto. Sasa watoto gani? Ukisema watoto wote, hao hawana sura, hawana jina, hawana kitu wanachokiogopa, utawaambia nini zaidi ya tiini wazazi wenu? Mchague mmoja. Yule anayekaa nyuma, anayekuja na kandambili mbili za rangi tofauti, anayenyamaza wiki nzima alafu ijumaa anauliza swali linalokusimamisha. Mwandikie huyo tu, wengine watajisikia humo humo.

Na si mimi niliyelibuni hili. Kule Sweden mwaka 1941 mama mmoja, Astrid Lindgren, alikuwa anamuuguza binti yake Karin, mtoto kalala na nimonia, akamwambia mama nisimulie habari za Pippi Långstrump. Jina mtoto kalitunga papo hapo kitandani! Mama hakuuliza huyo ni nani, akaona jina la ajabu hivi litakuwa la msichana wa ajabu, akaanza kusimulia. Miaka mitatu baadae akateleza kwenye theluji akaumia kifundo cha mguu, ikabidi alale, ndo akayaandika yale aliyokuwa anasimulia ampe Karin kama zawadi ya kutimiza miaka 10. Kitabu kikatoka 1945 mpaka leo kinasomwa. Sasa ona, wazo lilitoka kwa mtoto mgonjwa, na kazi ya mama ilikuwa kutomkatisha.

Huku kwetu Afrika, Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria, naye alishtuka alipogundua binti yake mdogo anaokota mawazo mabaya kuhusu rangi ya ngozi kutoka kwenye vitabu ambavyo wazazi wenyewe walimnunulia. Mwaka 1966 akatoa Chike and the River. Na unajua mle mtoto anataka nini? Kuvuka mto Niger kwa kivuko aone upande wa pili, basi, na hana nauli, peni sita za wakati ule. Hakuna mfalme wala jini. Mtoto wa Kigamboni au wa Likoni ukimwambia hiyo anaielewa kabla hujamaliza sentensi, kwa sababu kuna siku na yeye alisimama akatazama pantoni inaondoka bila yeye. Kwa hiyo mwalimu, yule mtoto wako wa nyuma, anataka nini ambacho hana? Kitafute kiwe kidogo kabisa. Kuwa wa kwanza kushika kamba ya kengele. Kuchaguliwa kwenye rede kabla hajabaki peke yake.

Fanya hivi, mapumziko usiende ofisini kunywa chai kila siku, siku mbili kwa wiki kaa kwenye kivuli karibu na wanapocheza kombolela, ukae kama hujali, sikiliza. Kwenye kombolela kuna hila, kuna usaliti, kuna mdogo anayejificha vizuri mpaka anasahaulika na wenzake wanarudi darasani. (Huyo aliyesahaulika ni hadithi nzima, nimekupa bure.) Na uwe na kidaftari cha maswali yao tu, uandike swali kama lilivyotoka, usilisafishe. Nyie Kilosa treni ya umeme inapita kwenye mahandaki huko milimani, sitashangaa kuna mtoto anajiuliza treni ikiingia kwenye mlima, mlima unasikia tumbo linauma? Mwingine atakuuliza mwezi ukitufuata sisi, wanaoenda upande ule unawafuata nani. Swali kama hilo usilijibu haraka kwa sayansi, ya sayansi utayasema kesho, leo jiulize kama mlima kweli tumbo linauma ataenda hospitali gani na nani atamtibu.

Kuhusu sungura na fisi, usiwatupe, wao hawana kosa, kosa ni lile funzo tunalowabebesha mwishoni. Wazee wetu hawakuwa hivyo wakati wote. Kuna ngano ya Unguja inaitwa Goso Mwalimu, mmisionari Mwingereza, Edward Steere, aliiandika kutoka kwa wasimulizi wa huko akaichapisha London mwaka 1870 pamoja na nyingine. Goso anasomesha watoto chini ya mbuyu, siku moja mnyama paa kapanda juu kuiba, buyu likaanguka likampiga mwalimu akafa. Wanafunzi wakatoka kumtafuta aliyeua. Wakaenda kwa upepo wa kusi wakampiga, kusi akasema kama mimi ndo mkubwa ningezuiwa na ukuta wa udongo? Wakaenda kwa ukuta, ukuta akasema ningetobolewa na panya? Wakaenda kwa panya, naye akasema ningeliwa na paka? Wakaendelea hivyo kwa kamba, kisu, moto, maji, mpaka wanamfikia paa mwenyewe ambaye hana la kujibu. Wasomee wako hiyo jumatatu uone kama kuna macho yatakayobaki dirishani, ukifika kwa paka wao ndo watakuwa wanakusomea wewe. Mwendo wa kurudia namna ile, kila mara na mkubwa mpya, unaweza kuuazima kwa hadithi yako ya mlima.

Asalaam aleikum bi mkubwa. Niko Muscat naendesha gari mwaka wa tatu, mwanangu wa kike ana miaka 6 yupo Unguja kwa bibi yake. Kila usiku namrekodia hadithi kwenye WhatsApp. Za bibi yangu zimekwisha, za Abunuwasi zimekwisha, sasa nabuni tu. Wenzangu hapa wananambia niziandike kitabu lakini mimi sikusoma sana, na ninazobuni nyingi upuuzi, juzi nimemwambia kuna kijiko kimetoroka jikoni hakitaki kuchovywa kwenye uji wa moto. Naweza kweli? *Baba, Muscat*

Waaleikum salaam baba. Unaweza, na hicho kijiko si upuuzi, mimi nimekaa jana nzima nakifikiria kimekimbilia wapi. Wewe umeshapata kile ninachomhangaisha nacho mwalimu wa Kilosa, una msikilizaji mmoja unayemjua, tena umbali unakulazimisha useme vitu avione.

Kuna Mwingereza, Beatrix Potter, tarehe 4 Septemba 1893 alimwandikia barua mtoto wa miaka 5 aliyekuwa mgonjwa. Akamwambia wazi kabisa sijui nikuandikie nini, basi nitakusimulia habari za sungura wadogo wanne, akachora na picha. Miaka ikapita akaiazima ile barua irudi kwake, mtoto alikuwa ameitunza! Akaigeuza kitabu, wachapishaji wakamkataa, Desemba 1901 akachapa nakala 250 kwa pesa yake, mwaka uliofuata mchapishaji akakitoa.

Kwa hiyo la kwanza leo hii usifute voisi hata moja, zihamishie mahali salama maana simu hupotea. La pili, muulize bibi yake mtoto anazirudia zipi kwa wenzake, hizo ndo za kuandika kwanza. Alafu sikiliza sauti yako uandike kama ulivyosema, na Kiunguja chako usikibadilishe, pale ulipovuta neno, pale ulipoanza na paukwa ukanyamaza kidogo kumpa nafasi ya kusema pakawa ingawa yuko ng'ambo ya bahari, yote yaache. Makosa ya herufi kuna watu kazi yao ni kuyarekebisha.

Sasa shangazi. Mimi niko chuo hapa Nakuru, shida yangu ni kinyume, aidia ziko mob na hakuna hata moja nimemaliza. Heroe wa ziwani amekataa kuwa pink, msichana amesahau kiatu kimoja kwa matatu, kijana anaskia redio ikimjibu. Nichague aje? *Mwanachuo, Nakuru*

Poa mwanangu. Tafuta mtoto wa jirani wa miaka saba nane, msimulie zote tatu kwa mdomo bila karatasi, dakika mbili mbili. Atakayoiuliza "halafu?" mara mbili, hiyo ndo unaandika mpaka mwisho kabla hujagusa nyingine. Hizo nyingine ziwekee sentensi moja moja nyuma ya daftari zisubiri. Ila mimi kwa upande wangu nimeshauliza halafu kwa ile ya kiatu. Kimebaki chini ya siti, matatu imeondoka, nani amekiokota na amekifikisha mji gani? Ukimaliza nitumie.