Baba ana Parkinson, shangazi kafa kwa kansa: ni damu moja? (jibu langu, refu kidogo)

Mkuu, pole kwa kuuguza. Nikikuelewa vizuri, mzee wako ana Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka na kukakamaa, mwaka wa tatu sasa, dada yake alifariki kwa kansa ya titi, na kwenye kikao baba yako mdogo katamka kwamba ukoo wenu una damu mbovu, wote mtapita humo humo. Halafu hapo juu mdau kakujibu kwamba mwenye Parkinson hapati kansa kabisa. Mimi si daktari. Namuuguza baba yangu mwenye Parkinson tangu 2014, na kansa akaja kuipata, kwa hiyo hilo la "kabisa" kwangu lilishajibiwa.

Baba anafuga ng'ombe wawili huko Hai, Kilimanjaro, na ana daftari la maziwa: nani kachukua lita ngapi, nani anadaiwa. Ugonjwa tuliuona kwenye daftari kabla ya kuuona mkononi. Ukurasa wa Januari herufi zake za kawaida, kubwa, zimelala kulia. Ukifika Agosti zimekuwa kama sisimizi waliojipanga, mpaka wateja wakawa wanabishia madeni kwa sababu hasomeki. Kabla ya hapo maziwa yaliungua jikoni naye kaketi pale pale, hasikii harufu. Tukasema uzee. Na hatukuwa wajinga peke yetu: miaka ya 2000 watafiti walipita wilaya hiyo hiyo ya Hai wakitafuta wagonjwa wa Parkinson, wakawapata 33 kwenye watu kama 161,000, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini.

Sasa kansa. 2019 alikuwa na doa jeusi kwenye unyayo wa kushoto, karibu na kisigino. Anavaa gambuti siku nzima, akasema ni sugu. Zahanati moja wakalikwangua, wakampa dawa ya kupaka. Miezi mitano hiyo. Siku namvua soksi nikaona limetambaa, upande mmoja limepauka, upande mwingine jeusi kama masizi ya sufuria, na ukingo wake umemeguka-meguka. Daktari wa ngozi akauliza ana ugonjwa gani mwingine. Nikasema Parkinson. Akaacha kuandika, akanitazama: "Hivyo viwili vinajuana." Kinyama kikakatwa, kikaenda maabara, jibu likarudi: melanoma, kansa ya seli za rangi ya ngozi.

Nilirudi nyumbani na hasira na vidonge vyake vya Parkinson, levodopa, kwa sababu mtu wa dukani aliwahi kuniambia ndivyo vinavyoleta. Hofu hiyo ni ya zamani, tangu miaka ya 1970, na hata maelezo ya dawa yaliandikwa tahadhari. Baadaye ilionekana wagonjwa wengi walipata melanoma kabla hata hawajameza kidonge cha kwanza. Na inakwenda pande zote mbili: utafiti uliotoka 2017 kwa madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, ulikuta mwenye Parkinson ana uwezekano wa karibu mara 4 wa kuwa na melanoma, na mwenye melanoma hivyo hivyo kwa Parkinson. Hizo ni hesabu za watu weupe zaidi, usizibebe zilivyo ukazishusha kwetu.

Kwa nini vijuane? Sehemu ya ubongo inayokufa kwenye Parkinson ni nyeusi kweli, ina rangi yake. Mwili ukitengeneza dopamini, kemikali ya ubongo ya kuongoza mwendo inayopungua kwenye Parkinson, hupitia kitu kiitwacho dopa, na ngozi ikitengeneza weusi wake hupitia dopa hiyo hiyo. Seli za rangi ya ngozi nazo zinatokana na chimbuko moja na sehemu ya mishipa ya fahamu, tangu mtoto yuko tumboni.

Halafu kuna jeni. Iko moja inaitwa parkin, Wajapani waliitangaza 1998 kwa wagonjwa walioanza kutetemeka wakiwa vijana. Kazi yake ni kama yule jamaa wa bomoabomoa anayepita na rangi nyekundu kupiga X kwenye nyumba. Mitokondria, yaani kinu cha nguvu ndani ya seli, ikiharibika, parkin inaipiga X, inaondolewa. Jeni ikifa, vibovu vinabaki ndani. Seli ya ubongo haizaliani, kwa hiyo uchafu unajaa mpaka inakufa. Seli ya utumbo au ya mapafu inaweza kuzaliana, na huko parkin inashiriki pia kushika breki ya kugawanyika, ndiyo maana imekutwa imekatika kwenye uvimbe wa kansa kadhaa. Jeni nyingine, DJ-1, ndiyo inayonichekesha: 1997 ilitambulika kama jeni ya kuchochea kansa, 2003 ikakutwa imeharibika kwenye familia zenye Parkinson. Seli moja inakufa mapema, nyingine inakataa kufa, na fundi ni yule yule.

Mdau wa hapo juu ana nusu ya ukweli. Kansa nyingi, hasa za mapafu na kibofu, ni chache kwa wenye Parkinson. Sehemu ya sababu ni kwamba wengi wao hawakuwa wavuta sigara. Melanoma ndiyo inayovunja mkondo.

Shangazi yako? Kansa ya titi ni ya kawaida mno, ukoo wowote mkubwa utakuwa nayo. Inayorithiwa moja kwa moja ni kama asilimia 5 hadi 10 tu ya kansa zote, na Parkinson nayo iliyo nyingi hairithiwi hivyo. Muulize baba mdogo maswali mawili: shangazi aliugua kabla ya miaka 50? Mzee alianza kabla ya 50? Kama yote ni hapana, kikao chenu kimehukumu ukoo bure. Kama lipo la ndiyo, mwambie daktari, tena umtajie na ndugu wengine walioumwa.

Na yule aliyekushauri umsagie mzee mbegu za upupu: upupu una levodopa ya kweli, ndiyo hatari yenyewe. Anameza vidonge tayari, na kijiko cha unga hakina kipimo. Baba alipewa na jirani, akachezacheza mwili mzima usiku kucha.

Kwa watu weusi melanoma hupenda mahali pasipopigwa jua: nyayo, viganja, chini ya kucha. Bob Marley ilimwanzia kwenye kidole gumba cha mguu. Kwa hiyo usiangalie mikono na uso ukaridhika. Baba alikatwa nyama ya kisigino, akapandikizwa ngozi ya paja, anatembea na fimbo. Kila Jumamosi akishaoga ananipa miguu, nawasha tochi ya simu, natenganisha vidole kimoja kimoja. Yeye muda huo ananisomea madeni ya maziwa, maana daftari sasa naandika mimi.