Re: Mtoto gredi 1 anageuza b na d

Salaam dadangu, umesema kijana wako hapo Lamu anageuza b na d na mkono unachoka kabla mstari haujaisha. Kugeuza herufi mpaka miaka 7 hivi ni kawaida, usimgombeze, wala usiilaumu madrasa eti kule wanaanza kuandika kutoka kulia. Kwanza angalia anavyoshika penseli, wangu alikuwa akiikamata kwa ngumi, nikamkatia kipande kifupi kama kidole, vidole vitatu vikajipanga vyenyewe. Jioni aandike mchangani kwa kidole, b aanze na mti (mstari wa kusimama) ndo tumbo, d aanze na tumbo, na ukipika chapati mwachie akande unga mkono upate nguvu. Macho yapimwe pia. Akipita 7 na bado, mwambie mwalimu akuelekeze EARC, kituo cha elimu cha serikali, hao ndo wanapima watoto wenye shida ya kujifunza.