Maswali Yenu: Nataka kutengeneza gemu yangu mwenyewe, naanzia wapi?

Safari hii karibu barua zote zimekuja na jambo moja, hizi gemu za watu huru, yaani zile zinazotengenezwa na mtu mmoja au kikundi kidogo bila kampuni kubwa nyuma yao. Wengine mnataka kuzicheza tu, wengine mnataka kuzitengeneza, na kuna mzazi mmoja pia. Barua nimezifupisha kidogo.

Shikamoo kaka. Nina wazo la gemu kubwa sana, dunia nzima wazi, watu wengi wanacheza pamoja mtandaoni, kuna vita na biashara na kilimo na kila kitu. Nimeangalia vidio za mafunzo mpaka basi, huyu anasema Unity, huyu Unreal, huyu Godot, nikianza moja naskia nyingine ndo bora nahama. Kompyuta yangu ni ya zamani. Nishike ipi? – Nimekwama kwenye injini

Marahaba mdogo wangu. Hizo tatu ni injini, yaani programu za kutengenezea gemu, na we shika Godot. Ni ya bure, iko wazi tangu 2014 kwa leseni ya MIT, maana yake gemu utakayoitengeneza ni yako mia kwa mia na hudaiwi hata senti, faili lenyewe dogo tu unalipakua unalifungua kazi inaanza, na kwa kompyuta ya zamani ukianza mradi mpya chagua ile Compatibility, njia nyepesi ya kuonyesha picha, kwa gemu za 2D itakwenda vizuri tu. Unity nayo nzuri na kuna gemu kubwa zimetoka humo, ila Septemba 2023 walitangaza ada ya kutoza kila gemu inaposakinishwa, watengenezaji wakachachamaa dunia nzima, ada ikaja kufutwa mwaka uliofuata. Kwa anayeanza sioni sababu ya kujifunga na masharti yanayoweza kubadilika ukiwa katikati ya kazi. Unreal kwa hiyo kompyuta yako iache kwanza.

Sasa kuna kitu hujauliza na ndo kikubwa zaidi. Hiyo gemu ya kichwani haiwezi kuwa ya kwanza. Ukianza nayo utakaa miezi na miezi peke yako na kitu ambacho hakuna mtu mwingine anaweza kukishika akakicheza, na hapo ndo wengi wanapoachia, tena watu wenye bidii kabisa, kwasababu hakuna aliyewahi kuicheza kazi yao kwaiyo hata wao hawajui kama inaelekea popote. Tengeneza kitu ambacho wiki mbili kutoka leo mtu mwingine atakishika mkononi. Skrini moja, kuna kijitu kinaruka, kuna shimo, kuna mlango, akifika mlangoni ameshinda, akitumbukia anaanza upya, sauti mbili tatu, neno Anza mwanzoni na neno Mwisho mwishoni. Unaona ni kidogo? Humo ndani utajifunza kusoma vitufe, kugonganisha vitu, kuhama skrini moja kwenda nyingine, na kutoa faili linalofunguka kwenye mashine ya mtu mwingine, na hilo la mwisho lina vituko vyake ambavyo vidio za mafunzo nyingi zinaviruka.

Angalia gemu ya Celeste. Maddy Thorson na Noel Berry walianza 2015 na kigemu walichokitengeneza kwa siku 4 kwenye PICO-8, programu ya kutengenezea vigemu vidogo ambayo skrini yake ni nukta 128 kwa 128 na rangi 16 basi. Kigemu hicho mpaka leo kinachezwa bure kwenye kivinjari. Gemu kamili ikatoka Januari 2018. Cheza zote mbili siku moja utaona kule kuruka kwa kujisukuma ukutani na kule kuchomoka hewani vilikuwepo tangu zile siku 4, kilichofuata ni watu kuongeza juu ya kitu ambacho tayari kilikuwa kinachezeka.

Ukishatoa hiyo ya skrini moja jiunge na gemu jamu, yaani tukio ambalo watu wanatengeneza gemu kwa muda mfupi. Ludum Dare ipo tangu 2002, shindano lake la asili ni masaa 48 ukiwa peke yako, na Global Game Jam inafanyika kila mwaka tangu 2009. Uzuri wa Ludum Dare ni kwamba muda ukiisha washiriki wanacheza kazi za wenzao na kuzipa alama, we unacheza zao wao wanacheza yako, kwaiyo kwa mara ya kwanza gemu yako inakutana na watu usiowajua.

Mambo vipi. Mi sitaki kutengeneza chochote, nataka kucheza. Nimezoea gemu za mpira na magari, sa hivi kila mtu ananiambia jaribu hizi gemu ndogo ndogo, nikifungua Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, nakuta maelfu, alafu nyingi zina mapikseli kama za zamani. Naanzaje bila kupoteza hela? – Mchezaji mgeni

Poa. Anza na za bure ujue ulimi wako unapenda nini. Cave Story ya asili ya 2004, mtu mmoja anaitwa Daisuke Amaya aliitengeneza kwa miaka 5 akaitoa bure. Spelunky ile ya kwanza ya 2008 nayo bure, hiyo itakuua sana, na kila ukifa ngazi (levo) zinapangwa upya kwaiyo huwezi kukariri njia, unajifunza kusoma hatari yenyewe. Na hicho kigemu cha Celeste nilichokitaja hapo juu.

Ukiwa tayari kulipa, ya kwanza nunua A Short Hike ya 2019. Ni ndege mdogo anapanda mlima, unaimaliza kwa kikao kimoja, hakuna wa kukukimbiza. Naipendekeza kwa kila mgeni kwasababu inakufundisha kwamba gemu inaweza kuwa fupi na ikakuachia kitu. Aliyeitengeneza, Adam Robinson-Yu, alikuwa na gemu kubwa inamsumbua, akaiweka pembeni akafanya hii ndogo, na ndo ikachukua tuzo kuu ya Independent Games Festival mwaka 2020. Baada ya hapo nenda Papers, Please ya 2013. We ni afisa wa mpakani unakagua pasi za watu, una familia nyumbani inahitaji joto na dawa, mshahara unategemea umekagua wangapi bila kukosea, alafu anakuja mama hana karatasi kamili mume wake ameshapita. Hakuna risasi wala mbio za magari, ni mihuri miwili tu, ya kukubali na ya kukataa, na utakaa umeshika hiyo mihuri hujui ufanye nini.

Kuhusu mapikseli, usiyahukumu kwa picha. Mtu mmoja akichora kila kitu mwenyewe anachagua mtindo anaoweza kuumaliza, na mwenye jicho zuri anaweza kukutoa machozi kwa nukta chache.

Hela yako sasa. Steam inarudisha pesa kama hujafikisha masaa 2 ya kucheza na ni ndani ya siku 14 tangu ununue, kwaiyo gemu ikikukataa usione aibu, rudisha. Na pale itch.io, tovuti ya gemu za watu huru, kuna lundo la gemu za bure nyingi zinafunguka humo humo kwenye kivinjari, zingine unalipa unachoweza. Ukicheza ya mtu mdogo mwandikie, hata mistari miwili, umwambie ulikwama wapi na ulifurahi wapi. Hujui anavyoisubiri hiyo mistari.

Kaka nina wazo kali sana ila naogopa kumwambia mtu wataniibia. Nifanyeje nilinde? – Mwenye siri

Nakuelewa na sitakudanganya kwamba kuiga hakupo. Threes, gemu ya simu ya kuunganisha namba, ilitoka Februari 2014 baada ya watu kuihangaikia zaidi ya mwaka, wiki chache tu zikaja gemu za kufanana nayo, na Machi mwaka huo huo ikatoka 2048 iliyotengenezwa kwa wikiendi moja na kugawiwa bure, ikaenea kuliko yenyewe. Iliuma, na wenye Threes walisema wazi iliwauma. Lakini ona kilichoigwa ni gemu iliyokwisha, inayochezeka, ambayo watu walishaionja wakaipenda. Wazo ambalo bado liko kichwani hakuna anayelikimbilia, kila mtengenezaji ana lake analolipenda kuliko lako. Ukilificha unachopoteza ni wale watu watano ambao wangekwambia mapema kwamba sheria ya tatu haieleweki. Lionyeshe.

Habari mhariri. Mwanangu ana miaka 11, kutwa anacheza, sasa anasema anataka kutengeneza za kwake. Mimi sijui chochote kuhusu haya mambo. Nimwanzishie wapi? – Mama wa mchezaji

Habari njema mama, na hongera kwa kuuliza badala ya kumfokea. Mpe Scratch. Ilitoka MIT kule Marekani mwaka 2007, ni bure, inafunguka kwenye kivinjari, na mtoto hachapi maandishi ya programu, anapachika vipande vya rangi vyenye maagizo, songa hatua 10, ukigusa ukingo geuka. Inakuja hata kwa Kiswahili, unabadilisha lugha juu pale. Kizuri zaidi, anaweza kufungua gemu ya mtoto mwingine akaona ndani ilivyopangwa akabadilisha anavyotaka. Akikwambia mama njoo ucheze, nenda, kaa ucheze, ushindwe. Usimwambie tu ni nzuri, muulize hapa nifanye nini. Atakimbia kurekebisha mwenyewe.

Najua programu kiasi, ila sijui kuchora kabisa na muziki ndo sijui hata kuanza. Nitafute mtu au? – Mkono mzito

Usitafute mtu bado, utamchosha kabla hujajua unataka nini. Kwa gemu ya kwanza tumia masanduku na miduara, kweli kabisa, kama kuruka kunanoga ukiwa na sanduku jekundu kutanoga ukiwa na sungura. Alafu ingia tovuti ya Kenney, ana maelfu ya picha na sauti kwa CC0, yaani leseni isiyo na masharti, unatumia hata kwenye gemu ya kuuza bila kumwandika jina, ingawa mi ningemwandika kwa heshima. OpenGameArt na Freesound pia, ila huko soma leseni ya kila faili moja moja: CC BY lazima umtaje mwenyewe, na ukiona NC hiyo huwezi kuweka kwenye kitu cha biashara, watu wanalisahau hili wanakuja kung'oa muziki dakika za mwisho. Sauti za kuruka na kupigwa bonyeza bonyeza jsfxr, programu ya kutengenezea sauti za gemu, mpaka upate unayoipenda.

Kosa ninaloliona sana kwenye gemu za wageni ni kuchanganya, mti umetoka huku, mtu katoka kule, kila kimoja kina ukubwa wake wa nukta na rangi zake. Chukua pakiti moja ubaki nayo. Vampire Survivors ya Luca Galante ilianza na picha za pakiti alizokuwa amenunua, na 2023 ikachukua BAFTA, tuzo ya Uingereza, ya gemu bora.

Nina kazi ya ofisini naichukia. Nina akiba ya miezi sita hivi. Nimesoma habari ya yule wa gemu ya Stardew Valley nikasema na mimi naacha kazi nifanye gemu yangu nitoe Steam. Unanishauri nini? – Nimechoka ofisi

Usiache. Nakwambia hivi kwasababu nataka uitoe hiyo gemu.

Stardew Valley ni ya kweli, Eric Barone peke yake, picha yeye muziki yeye programu yeye, ikatoka Februari 2016 na nakala zimepita milioni 40. Ila soma na upande wa pili, ilimchukua miaka kama minne na nusu, mwenza wake alikuwa anafanya kazi, na yeye mwenyewe alikuwa na kibarua cha kuonyesha watu viti kwenye ukumbi wa maonyesho. Kwa hesabu hiyo miezi sita yako inaisha hujafika popote. Na mwaka 2024 peke yake Steam zilitoka gemu zaidi ya 18,000, nyingi zikapita bila mtu kuziona.

Fanya jioni na wikiendi. Kuweka gemu Steam ni dola 100 kwa kila gemu, unarudishiwa ikishaingiza dola 1,000, na wao wanachukua asilimia 30. Itch.io kuweka ni bure na asilimia ya kuwaachia unapanga mwenyewe, kwaiyo hizo ndogo mbili tatu za kwanza ziweke huko. Ukifika ile unayotaka kuuza, fungua ukurasa wa Steam mapema, miezi kabla, watu waanze kuiweka kwenye orodha ya gemu wanazozitaka, na toa demo, kipande cha kuonja. Undertale demo yake ilitoka 2013, gemu yenyewe Septemba 2015, watu walishaijua. Minecraft iliwekwa hadharani Mei 2009 ikiwa changa kabisa, toleo la 1.0 likaja Novemba 2011, muda wote huo watu wanacheza na kusema. Ukiona kwenye demo watu wanarudi wenyewe bila kuombwa, njoo uniandikie tena tuongelee kazi ya ofisi.

Gemu yangu ya kwanza imekwisha!! Nimewapa marafiki wote wanasema nzuri nzuri, alafu hakuna anayerudi kuicheza. Shida nini? – Nzuri nzuri

Kwanza hongera sana, umefika mahali wengi hawafiki. Marafiki wanakupenda we, kwaiyo maneno yao yaache, angalia mikono. Kaa nyuma ya mtu anacheza, usiseme kitu, hata akiuliza hii inafanyaje we nyamaza, ni ngumu sana mdomo utawasha. Andika sekunde aliyosimama akatafuta, kitufe alichobonyeza akitegemea kitu kikatokea hakikutokea, mahali alipoangalia simu. Akimaliza usimuulize umeipendaje, muulize ulikuwa unajaribu kufanya nini pale kwenye daraja. Mara nyingi utakuta alikuwa hajui kama amepigwa, au hajui kama amefanikiwa, na dawa yake ni sauti moja na mtikisiko kidogo wa skrini, kazi ya saa moja. Rekebisha kitu kimoja, alafu mpe mtu mwingine ambaye hajawahi kuiona, kwasababu huyu wa kwanza ameshajua mlango uko wapi.