Tumbo Lililoitwa Vidonda

Msomaji mmoja kaniandikia: mume wake amelazwa, ateri inayopeleka damu kwenye utumbo mwembamba imechanika kwa ndani, na madaktari wanamwekea dripu tu. "Kaka, hawajamtelekeza kweli?" Hapana, dada yangu. Mimi nilitibiwa hivyo hivyo, na majuzi CT scan ya marudio imeonyesha damu inapita vizuri. Niacheni nijidai kidogo.

Maumivu yangu yalinishika ghafla baada ya chakula cha usiku, juu ya kitovu, yakachoma hadi mgongoni. Hospitali ya kwanza: vidonda vya tumbo. Ya pili: vidonda vya tumbo. Daktari akanibonyeza, akakuta tumbo laini, akanitazama kama mtu anayeigiza. Hilo linaniuma mpaka leo. Maumivu makali ndani ya tumbo laini ndiyo dalili ya utumbo unaokosa damu, bwana!

Altrasaundi iliona gesi tu. Aliyenisaidia ni daktari kijana wa zamu: alitazama umri wangu, presha na sigara zangu, akaagiza CT scan ya mishipa, ile ya kuchomwa dawa ya rangi. Ukuta wa ateri una tabaka tatu. La ndani likichanika, damu hujipenyeza kati ya tabaka na kuziachanisha kama za chapati, na njia halisi hubanwa. Ajabu ni kwamba aota, mshipa mkuu, ilikuwa nzima. Ateri hii kuchanika peke yake ni nadra sana.

Tiba ilikuwa kufunga kula kabisa, dripu, dawa za maumivu, kushusha presha, na heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Kuhusu heparini wataalamu wenyewe wanabishana. Maumivu yakigoma, huwekwa stenti, kijibomba cha kuushikilia mshipa ubaki wazi. Kisu ni pale utumbo unapoanza kufa au ateri inapopasuka.

Wanaume wenzangu wa hamsini na kitu, sote tunataka kula pilau kwenye harusi za wajukuu. Pimeni presha. Tupeni sigara. Pimeni presha, nasema, msingoje mke awaburute!

Na wewe dada, muulize daktari CT ya marudio ni lini. Akiruhusiwa kula, aanze na uji mwepesi, kidogo kidogo. Maumivu yakirudi baada ya kula, mrudishe hospitali usiku huo huo, na uwaambie mapema kwamba si vidonda.