Majitaka "hutibiwa na utando"?

SWALI: Kazi yangu ni kuandika taarifa za wahandisi wa maji kwa Kiswahili chepesi. Niliandika: "Majitaka ya jiji hutibiwa na utando ndani ya bayoriakta." Mhariri akafuta "hutibiwa", akaweka "husafishwa". Mwenzangu anadai kinachokera ni "utando". Nani ana haki?

JIBU: Mhariri ana haki kiasi. Ila kosa kubwa hakuna aliyeligusa, nalo ni hiyo "na".

Katika kauli ya kutendwa, "na" humtaja mtenda na "kwa" hutaja kifaa: mti hukatwa na seremala kwa shoka. Sasa, ndani ya bayoriakta, yaani tangi ambamo viumbe hai husafisha majitaka, mtenda ni nani? Si utando, ambao ni kichujio tu chenye matundu madogo mno. Ni bakteria wanaoishi ndani ya tope. Hupulizwa hewa wapate oksijeni, wakala uchafu ulioyeyuka majini. Njia hiyo ya tope ni ya zamani, wanakemia Ardern na Lockett waliitangaza huko Manchester, Uingereza, mwaka 1914. Katika mitambo ya kawaida, mchanganyiko huo wa maji na tope hupelekwa kwenye tangi la kutuamisha, tope likazama na maji yakachotwa juu. Utando umechukua nafasi ya tangi hilo, basi. Matundu yake kwa kawaida hayazidi mikromita 0.4 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), kwa hiyo bakteria hubaki upande wao na maji hupita. Na kwa kuwa hakuna tena kungoja tope litue, linaweza kuachwa liwe zito, mara nyingi gramu 8 hadi 12 kwa lita, mtambo ukatoshea kwenye eneo dogo.

Kwa hiyo ningeandika: "Uchafu huliwa na bakteria, kisha maji huchujwa kwa utando." Vitenzi viwili, kwa sababu kazi ni mbili. "Kusafisha" kwa mhariri wako kunafaa kama jina la shughuli nzima, lakini hakumwambii msomaji nani kafanya nini. Tena chumvi iliyoyeyuka hupenya utando huo bila taabu, hivyo usije ukaandika "maji safi" kwa maana ya maji ya kunywa.

"Kutibu" silikatazi. Maji ya kunywa hutibiwa, na wengi husema hutiwa dawa. Kwa majitaka naona linapotosha: msomaji atawaza klorini, kumbe kazi kubwa imefanywa na viumbe hai. (Majitaka naliandika neno moja, ukilitenganisha sitakugombeza.)

"Utando" nao ni neno zuri, ngeli ya U-ZI: utando huu, tando hizi. Shaka ya mwenzako ina msingi hata hivyo, maana utando pia ni ule unaoganda juu ya maziwa yaliyochemshwa. Na humo mtamboni bakteria huacha tabaka la aina hiyo hiyo juu ya tando, likaziba matundu. Ndiyo adha kuu ya teknolojia hii. Ukiandika "utando umezibwa na utando" umempoteza msomaji. Kile kilichotengenezwa kiwandani kiite utando, na kile kinachoota juu yake kiite ute. Hapo "na" inarudi kihalali, kwani ute ndio unaoziba: "Tando zilizozibwa na ute huoshwa kwa hipokloriti ya sodiamu", yaani dawa ya jamii ya klorini.